Begi Jepesi, Usingizi Mzito

Kabla ya kuondoka

Vitu vyote vimetandazwa sakafuni, na kila kimoja kimepita kwenye mzani mdogo wa jikoni. Kazi hii huwa sikubali kuiruka. Usichokipima utakibeba bila kukijua, na gramu 50 za huku na 80 za kule zikishakutana mabegani haziitwi gramu tena. Nikiondoa chakula, maji na spiriti ya jiko, begi langu limesimama kwenye kilo 4.2. Wapenda mzigo mwepesi huuita huo uzito wa msingi, na kwao mstari wa wepesi kabisa uko kwenye kilo 4.5, sawa na ratili 10. Mpaka kilo 9 hivi mzigo bado unahesabiwa kuwa mwepesi. Juu ya hapo ndipo walipo wasafiri wengi.

Mimi sifuatilii mstari huo kama mchezaji anayetafuta rekodi. Napunguza kwenye vitu vikubwa ili nipate nafasi ya vitu vidogo vinavyonipa raha: mto, soksi za kulalia, kikombe cha kitu cha moto jioni. Nimewaona watu wakipunguza mpaka wakalala wanatetemeka, wakarudi nyumbani wakiapa kwamba mzigo mwepesi ni mateso. Hilo huniuma, kwa sababu raha nyingi za porini ni nyepesi mno. Kinacholemea ni begi lenyewe, hema na matandiko.

Basi nilianzia hapo. Begi la kawaida lenye fremu ya chuma na mikanda minene hufika kilo 2 kirahisi. Hili langu la nailoni, lisilo na fremu, lina gramu 480. Hema la kawaida la watu wawili huvuka kilo 2. Turubai langu pamoja na kamba na vigingi ni gramu 420. Badala ya mfuko wa kulalia wenye zipu na kofia nina blanketi la manyoya laini ya bata, gramu 620. Kwa vitu vitatu hivyo kilo kadhaa zimeondoka kabla sijaugusa mswaki. Wapo wanaoanza kwa kukata mpini wa mswaki. Waukate wakipenda, lakini gramu tatu haziokoi mgongo wa mtu aliyebeba hema la kilo tatu.

Ambavyo sikuvigusa ni kisanduku cha huduma ya kwanza, ramani ya karatasi, koti la mvua, kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti chenye gramu 100, na nguo kavu za usiku. Hivyo haviingii kwenye mjadala wa wepesi.

Mwenzangu, kijana anayeniita dada ingawa hatuna undugu wa damu, anakuja na kilo 11 bila chakula. Nilimwambia asibadilishe chochote kwa ajili yangu. Mtu hupunguza mzigo wake vizuri zaidi akiwa ameubeba.

Siku ya kwanza

Njia ilianza kupanda tangu hatua za mwanzo, ndani ya msitu mnene. Begi langu, likiwa na chakula cha safari nzima, lita moja ya maji na spiriti, lilikuwa na kilo 8.6. Begi lisilo na fremu lina masharti yake: ukipita kilo 11 hivi, uzito wote unahamia mabegani na mkanda wa kiunoni hausaidii kitu. Kwa hiyo namna ya kulipanga ni sehemu ya starehe yenyewe. Godoro la povu nalikunja na kulisimamisha upande wa mgongoni, hapo ndipo linapokuwa fremu. Ndani natanguliza mfuko mmoja mkubwa wa plastiki, gramu 40, ambao huzuia mvua kuliko vifuniko vya nje vinavyopeperushwa na upepo. Blanketi naliacha chini bila kulisokota, lijaze pembe zote. Chakula, ambacho ndicho kizito, hukaa katikati karibu na uti wa mgongo. Juu kabisa naweka koti la mvua na chujio, maana mvua haisubiri mtu apekue.

Saa mbili hazijaisha mwenzangu akaomba tubadilishane mabegi kidogo. Alitembea kama hatua mia hivi, akageuka. "Dada, hili umelijaza kweli?" Nami nilikuwa nimeshajua kwa mabega yangu kwamba ule usemi wa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi haukumhusu mwenye begi la aina yake.

Kuhusu miguu sina mjadala mrefu. Uzito wa mguuni hugharimu nguvu mara kadhaa kuliko uzito uleule ukiwa mgongoni; vipimo vilivyofanywa kwa wanajeshi na watembeaji vimekuwa vikitoa mara nne hadi sita. Maana yake buti linalozidi kiatu cha kukimbilia kwa gramu 400 kila mguu linakuchosha kama mzigo wa kilo tatu na zaidi ulioongezwa begini. Navaa viatu vyepesi vinavyopitisha hewa. Vinalowa upesi, vinakauka upesi. Mwenye kifundo cha mguu kilichowahi kuumia ana sababu zake za kuvaa buti, na simbishii.

Starehe ya kwanza ya siku haikuwa na uzito wowote: kila tulipopumzika nilivua viatu na soksi, nikaipa miguu hewa. Kisigino cha mwenzangu kilikuwa kimeanza kuwaka. Hapohapo, kabla lengelenge halijatokea, tulipakausha, tukabandika kipande cha tepu inayonata sana kilichokatwa pembe za mviringo ili zisibanduke. Ukisubiri mpaka lengelenge lijae maji, umechelewa.

Kijito cha kwanza tulikikuta mchana. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hakuna kifaa chochote cha bei ghali kitakachokuokolea kilo upesi kama kujua maji yanayofuata yako wapi. Mimi hunywa palepale kwenye chanzo, nusu lita au zaidi taratibu, kisha nabeba ya kunifikisha mbele tu. Chujio langu lina mirija midogo yenye matundu ya mikroni 0.1, inayozuia bakteria na vijidudu vikubwa zaidi kama jiadia, kimelea cha kuharisha. Virusi hupita, kwa hiyo penye makazi ya watu au mifugo upande wa juu nachemsha au natumia vidonge vya klorini. Chupa zangu ni zile za plastiki za maji ya kununua, gramu 35 hivi kila moja, na zinadumu kuliko watu wanavyodhani. Chupa ngumu ya lita moja hufika gramu 180 ikiwa tupu.

Tulilala mapema. Hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba mwenzangu alitumia nusu saa akitafuta taa ndani ya begi lake.

Siku ya pili

Mvua ilianza alfajiri, na ilikuwa ni mvua ya siku nzima.

Ukweli ambao wauza makoti hawapendi kuusema ni kwamba ukitembea mlimani saa sita mfululizo kwenye mvua, utalowa tu. Maji yasipokuingia kwa nje, jasho litakulowesha kwa ndani. Shabaha si kubaki mkavu mchana, shabaha ni kubaki na joto mchana na kuwa mkavu usiku. Nilivaa fulana nyembamba ya sufu ya merino chini ya koti, nikafungua zipu kifuani kila tulipopanda, nikaifunga kila tuliposimama. Sufu hiyo ikilowa bado inatunza joto kiasi, wala hainuki upesi kama poliesta.

Mwenzangu alikuwa na mwavuli wa gramu 220. Ndani ya msitu, pasipo upepo, alinipita kwa mbali: kichwa kikavu, koti limefunguliwa, jasho linatoka bila shida. Nimekuwa nikiuhesabu mwavuli kuwa mzigo wa ziada kwa mtu mwenye koti. Kwa njia za msituni, na kwa jangwa lisilo na kivuli, nauona ni starehe inayolipa gramu zake. Kwenye ukingo wa mlima wenye upepo, hapana.

Kambi tuliifikia jioni, bado inanyesha. Hapa ndipo turubai linapomtisha asiyelizoea, kwa hiyo nitaeleza nilivyolifunga.

Kwanza nilitazama juu: tawi kavu linaloning'inia juu ya kitanda ni hatari kuliko mvua. Kisha nikatazama chini. Sikutaka pahali palipobonyea, hata kama palikuwa pamelainika vizuri, kwa kuwa kilichobonyea ndicho kitakachokuwa dimbwi usiku. Nilichagua mwinuko mdogo wenye majani makavu yaliyooza, chini ya miti, katikati ya mteremko. Bondeni hewa baridi hutulia na umande huwa mwingi; juu kileleni upepo hausamehe. Begi liliegemezwa kwenye mti likiwa limefungwa. Turubai pekee ndilo lililotoka.

Upepo ulitoka kushoto kwangu. Nilipigilia vigingi viwili vya upande huo kwanza, chini kabisa, ukingo wa turubai ukigusa ardhi. Udongo ulikuwa laini, basi juu ya kila kigingi nikaweka jiwe. Fimbo moja ya kutembelea nikaisimamisha mbele, kishikio juu, nikavuta kamba mpaka mgongo wa turubai ukalia nikiupiga kwa kidole. Fimbo ya pili nyuma, fupi zaidi. Mwisho vigingi vya upande wa kulia, nikiuacha ule ukingo juu kidogo ili hewa ipite. Fundo nililotumia ni lile linaloteleza ukilisukuma kwa mkono na kukaza kamba inapovutwa, maana nailoni ikilowa hulegea, na nilijua nitatoka tena kabla ya kulala kuikaza. Turubai la poliesta halilegei sana kama la nailoni. Lile la kitambaa cha nyuzi za Dyneema halilegei kabisa wala halinywi maji. Asili yake ni matanga ya mashua za mashindano, na bei yake inakumbusha hivyo.

Kazi yote ilikwisha kabla sijaanza kusikia baridi. Chini ya paa lililo tayari niliingiza begi, nikatandika karatasi ya plastiki, godoro juu yake, kisha nikavua kila kilicholowa na kukisukuma pembeni. Nguo za usiku zikatoka ndani ya mfuko wa plastiki: suruali nyembamba, fulana ya mikono mirefu, na soksi nene za sufu ambazo hazijawahi kuguswa na kiatu. Seti hii kavu ina sheria moja, haivaliwi kutembea. Hata asubuhi ikiwa na baridi ya kukata, na soksi za njia bado zinachuruzika, unavaa zilizolowa. Baada ya dakika kumi za mwendo miguu inapata joto, na usiku unaofuata unakukuta na kitu kikavu.

Kulipokucha dari la hema la mwenzangu lilikuwa linadondosha matone ndani, kwa sababu alifunga kila tundu akiogopa mvua. Pumzi ya mtu ina maji mengi. Hewa ikikosa njia, maji hayo hugeuka matone kwenye kitambaa baridi na kurudi kwa mwenyewe. Turubai langu, lililo wazi pande mbili, lilikuwa karibu kavu kwa ndani.

Siku ya tatu

Jua. Tulitoka msituni tukaingia kwenye ukingo mrefu wa mlima, na mchana kutwa tulikuwa juu yake. Joto hushuka kwa nyuzi 6.5 hivi kila unapopanda mita 1,000, na upepo huongeza machungu. Nguo iliyofanya kazi kuliko zote ni koti la upepo lenye gramu 95, kitambaa kimoja chembamba kisicho na bitana. Juu ya fulana linatosha kwa mtu anayetembea. Halizuii jasho kama koti la mvua, na likikunjwa linaenea kwenye kiganja. Nikiambiwa nichague kipande kimoja cha nguo kinachostahili uzito wake, nitachagua hiki bila kusita.

Tulipumzika nyuma ya mwamba, na mwenzangu akaniuliza wepesi huu ulianzia wapi, kama si kwa watu wenye fedha za kununua vyombo vya titani, ile metali nyepesi. Nikamsimulia habari za Emma Gatewood. Mwaka 1955 mama huyo wa Marekani, mwenye umri wa miaka 67 na watoto 11 aliowalea, alitembea peke yake njia yote ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,200 za milima. Hakuwa na hema wala mfuko wa kulalia. Alishona begi la kitambaa akalibeba begani, ndani yake mlikuwa na blanketi na pazia la plastiki la bafuni la kujikingia mvua, na miguuni alivaa raba za turubai. Mwaka 1957 akairudia njia nzima, kisha akaimaliza tena kwa vipande kufikia 1964. Hakuwahi kununua wepesi dukani, alikuwa nao katika kuamua anachokihitaji. Namtaja kila ninaposikia mtu akisema hawezi kuanza mpaka apate fedha za turubai la bei kubwa.

Chakula cha njiani kilikuwa karanga, lozi, zabibu kavu na chokoleti. Mafuta hubeba kilokalori 9 kwa gramu, wanga na protini 4 tu, kwa hiyo chakula chenye mafuta ndicho chepesi kwa nguvu inayotoa. Mimi hupanga gramu 650 hivi kwa siku, zenye wastani wa kilokalori 4.5 kwa kila gramu, karibu 2,900 kwa jumla. Kwa safari fupi zinanitosha.

Jioni, sehemu niipendayo zaidi. Jiko langu ni kikopo cha alumini kilichokatwa na kutobolewa matundu ubavuni, gramu 15. Nilisafisha ardhi mpaka ukabaki udongo mtupu, nikaweka jiwe bapa, jiko juu yake, nikamimina spiriti mililita 20 kwa kifuniko chenye alama. Kuzunguka nikasimamisha kikinga upepo cha karatasi ya alumini nene. Mwali wa spiriti hauonekani mchana, kwa hiyo niliweka mkono juu yake, kwa mbali, kuhakikisha umewaka. Na sijazi jiko linalowaka, hata siku moja, maana ndivyo watu wanavyoungua. Baada ya nusu dakika matundu yakaanza kutema ndimi za buluu. Sufuria ya titani, gramu 100, yenye maji mililita 400, ikakaa juu. Jiko hili halina kelele. Dakika saba au nane baadaye kifuniko kikaanza kucheza, na moto ukazimika wenyewe muda mfupi tu maji yalipochemka. Penye marufuku ya moto jiko la aina hii haliruhusiwi, kwa kuwa huwezi kulizima kwa kufunga kizibo. Hapo chukua la gesi.

Kuna wanaoacha jiko kabisa, wakaloweka chakula kwenye maji baridi tangu mchana. Wanaokoa gramu 300 hivi na muda pia. Kwa nchi ya joto nawaelewa. Mimi, kwenye ukingo wenye upepo, jua limezama, siwezi kubadilisha kikombe cha chai ya moto kwa gramu zozote.

Usiku ule ulikuwa wa baridi kuliko zote. Blanketi la manyoya halina mgongo, na watu huuliza kama halipitishi baridi kwa chini. Manyoya hutunza joto kwa hewa inayonaswa kati yake. Ukiyalalia yanabonyea, hewa inatoka, kazi yake imekwisha. Mgongo wa mfuko wa kulalia ni uzito usiofanya kazi. Joto la chini linatoka kwenye godoro, na hapo ndipo pasipofaa ubahili. Uwezo wa godoro kuzuia baridi hupimwa kwa namba iitwayo thamani ya R, na tangu 2018 pana kanuni moja ya upimaji inayowezesha kulinganisha magodoro ya watengenezaji mbalimbali. Povu langu la gramu 390 lina R ya 2 hivi. Godoro la kupuliza lenye bitana ya joto huvuka 4 kwa uzito usiotofautiana sana.

Nililijua hilo, basi nikajipanga. Begi tupu likaenda chini ya miguu. Mkeka mdogo wa kukalia, gramu 20, ukaenda chini ya nyonga. Nilichemsha maji mara ya pili, nikayaacha yapoe kidogo kwa kuwa chupa laini ya plastiki hujikunja kwa maji yanayotokota, nikajaza chupa, nikaivisha soksi, nikaibana kati ya mapaja pale mishipa mikubwa ya damu inapopita. Chujio nalo liliingia blanketini ndani ya mfuko usiopitisha maji. Likiganda, mirija yake hupasuka na huwezi kuona kwa macho kwamba limeharibika.

Na mto. Mto wa kupuliza wenye gramu 60, niliouvika fulana. Watu husema tumia nguo zako kama mto, lakini usiku wa baridi nguo zako zote ziko mwilini. Shingo iliyolala vizuri huamka na akili nzuri, na akili ndiyo inayosoma ramani kesho yake. Vizibo vya masikio vina gramu mbili kwa jozi, turubai likipigwa na upepo hutavisikia vyote viwili: upepo wala mkoromo wa jirani. Nililala mpaka kukapambazuka.

Siku ya nne

Mwenzangu hakulala hivyo. Godoro lake la kupuliza lilikuwa limeishiwa hewa usiku wa manane, akamalizia juu ya mawe. Lilikuwa godoro zuri, jepesi na lenye joto kuliko langu, na tundu lake lilikuwa dogo kuliko ncha ya sindano.

Tulipofika ziwani tuliamua kupumzika nusu siku, tukalitafuta. Alilipuliza likawa gumu, nikapitisha mdomo wa juu polepole, karibu na kitambaa bila kukigusa, kwa sababu ngozi ile inahisi pumzi ndogo ambayo sikio haliisikii. Tulipopashuku tulipapaka maji, na povu dogo likatokea. Tukakausha, tukafuta kwa kipande cha pamba chenye spiriti ya jiko, tukabandika kiraka, tukakiwekea jiwe bapa juu kwa muda. Kisanduku changu cha ukarabati kina gramu 40: viraka, sindano, uzi wa kusafishia meno ambao hushona kitambaa kizito bila kukatika, na tepu niliyoizungushia fimbo. Povu halitoboki, ndiyo maana nalivumilia. Kwa kijana mwenye nyonga zinazouma, nadhani la kupuliza ndilo sahihi, mradi abebe viraka na asafishe miiba kabla ya kutandika.

Baada ya hapo nilikaa juu ya mkeka wangu wa gramu 20. Siwezi kuusifu vya kutosha. Ni kipande cha povu nililokata kutoka godoro la zamani, na kinanipa makalio makavu na yenye joto kwenye jiwe lolote, gogo lolote, mara kumi kwa siku. Hakuna kitu kingine begini kinachotumika mara nyingi hivyo.

Nilijifuta mwili kwa kitambaa kimoja kilicholoweshwa maji ya sufuriani, mbali na ziwa, bila sabuni. Kulala bila chumvi ya jasho ngozini ni raha kubwa, na blanketi linadumu safi. Choo nacho: kijiko cha kuchimbia cha alumini kina gramu 15, shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji na njia. Karatasi nairudisha kwenye mfuko wangu. Mwepesi asiyefanya haya amepunguza mzigo wake kwa kuutua kwa wengine.

Alasiri yote niliandika kwenye daftari dogo la gramu 40. Wengine wangelitoa daftari, simu ipo. Lakini simu naitunza kwa ramani, na betri yangu ya akiba ya gramu 190 inaijaza karibu mara mbili tu.

Siku ya tano

Kuteremka kutwa. Fimbo mbili zilizokuwa nguzo za paa zilirudi kuwa msaada wa magoti, nikizirefusha kidogo kuliko wakati wa kupanda. Chakula kilikuwa kimekwisha karibu chote, begi halikufika kilo 6, na mwenzangu, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akasema, "Dada, nikifika naanza na begi au na hema?" Nikamwambia begi liwe la mwisho. Akinunua begi jepesi kwanza, vitu vyake vizito vitaliumiza na kumwumiza. Apunguze vitu, kisha anunue begi linalovitosha.

Tulifika barabarani kabla ya jua kuzama.

Baada ya kurudi

Leo vitu vimerudi sakafuni, safari hii katika mafungu: vilivyotumika kila siku, vilivyotumika mara moja, na visivyotumika. Huduma ya kwanza, kiitia msaada na viraka havihukumiwi kwa fungu la tatu. Mengine yote yanahukumiwa. Suruali ya akiba haikutoka mfukoni, inabaki nyumbani. Kitambaa cha pili cha kujifutia pia. Hivyo viwili vimeachia gramu 180, na tayari najua zinakwenda wapi: gramu 110 ni za godoro la povu pana na nene zaidi, nilale kwa ubavu bila kuhisi nyonga, zinazobaki ni za ndala nyepesi za kambini, ili jioni viatu vilivyolowa visirudi miguuni.

Blanketi la manyoya limetundikwa wazi kabatini, wala halitarudishwa kwenye mfuko wake mdogo mpaka siku ya kuondoka, maana manyoya yanayobanwa miezi hupoteza uwezo wa kufutuka. Chujio limesukumwa maji safi kinyumenyume na linakauka. Turubai nimelifungua lote kwenye kamba ya nguo. Nailoni yenye silikoni ikikunjwa na unyevu hushika ukungu na harufu isiyotoka.

Mwenzangu ameniletea orodha ya vitu vyake vyote, kila kimoja na uzito wake. Mwavuli ameuacha palepale juu ya orodha, nami sikuufuta.